Honda XR150L mpya: usiikamue, usiidekeze

Mimi ni mpima ardhi. Naishi Goba, lakini viwanja ninavyopima vingi viko Kigamboni, kuanzia Kibada mpaka huko Kimbiji na Pemba Mnazi, na mara mojamoja naitwa Kisarawe. Anayeijua Dar ataona mwenyewe kwa nini nilichoka kukodi bodaboda kila asubuhi, na kwa nini nilipoamua kununua pikipiki yangu sikuchukua Boxer. Boxer ni pikipiki ya kazi na naiheshimu, imesomesha watoto wengi katika mji huu. Ila uingie nayo kwenye mchanga wa Pemba Mnazi ukiwa na tripodi mgongoni na mashine ya kupimia kwenye keria, na zile tairi zake za lami, utaisukuma zaidi ya utakavyoipanda.

Nilichonunua ni Honda XR150L. Ni ya ukoo mmoja na zile Honda XL na Yamaha DT ambazo tumekua tukiziona kwa mabwana shamba na wauguzi wa wilayani: imenyanyuka juu, madigadi ya mbele iko mbali na tairi, rimu ni za spoki, shokapu za mbele ni ndefu. Injini ni cc 149, silinda moja, inapozwa na upepo, inatumia karburetta, gia 5. Rimu ya mbele ni inchi 19 na ina breki ya diski, ya nyuma inchi 17 na breki ni ya dramu. Tenki linabeba lita 12. Stata ni ya kubonyeza, na kiki ya mguu ipo, kwa hiyo betri ikikufia Mwasonga saa kumi na mbili jioni bado unarudi nyumbani.

Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya Boxer mpya. Hilo ndilo swali la kwanza kijiweni, na ukilijibu watu wanatingisha vichwa. Mimi nililipa kwa sababu najua ninakokwenda.

Kabla sijasema inavyokwenda, niseme inavyotoka dukani, maana hapo ndipo wengi wanapumbazwa na plastiki linalong'aa na harufu ya upya. Pikipiki hizi hufika kwenye kreti na kuungwa hapahapa, na kuungwa kwake kunategemea kijana aliyeishika siku hiyo. Yangu ilikuwa na cheni iliyokaza kama waya wa kuanikia nguo. Tairi zilijazwa upepo mpaka ukizigonga kwa ngumi zinalia. Nilipoomba cheni ilegezwe, nikaambiwa, “Dada, itajilegeza yenyewe ukitembea.” Hapana. Ukikaa kwenye siti na shokapu ya nyuma ikashuka, tairi la nyuma linasogea mbali na injini, na cheni inahitaji nafasi ya kulifuata. Isipopata nafasi, inavuta beringi ya sproketi ndogo na ya gurudumu kila unapopita kwenye tuta, na mji wetu huu matuta hayaishi. Nikafungua kitabu kilichokuja na pikipiki, nikamwonyesha kipimo. Akachukua spana, na kazi ikaisha haraka. Duka lenyewe silitaji, lakini ukinunua pikipiki mpya popote, kagua cheni, upepo, nati za usukani na mikono ya breki na klachi ukiwa bado mbele ya kaunta.

Sasa tuje kwenye injini, na hapa naomba tusikilizane, kwa sababu kuna maneno mengi sana mtaani.

Kijiweni kwetu kuna kambi mbili. Wa kwanza wanasema pikipiki mpya ipige moja kwa moja hadi Chalinze na kurudi, gia ya tano, mafuta yote, “ifunguke”. Wa pili wanasema usizidi arobaini mpaka imalize mwezi. Wote nimewasikiliza kwa heshima, maana wamo wanaoendesha tangu mimi nasoma sekondari. Lakini ukielewa kinachofanyika mle ndani, unaona kila kambi imeshika nusu ya jambo.

Ukuta wa silinda mpya hauko laini kabisa. Kiwandani wanauchora mistari myembamba inayokatizana, na mistari hiyo ndiyo inayoshika oili na ndiyo inayozikwangua ringi za pistoni mpaka zikae sawasawa na ukuta. Kinachozibana ringi kwenye ukuta ni gesi ya mlipuko inayopenya nyuma yake. Ukiendesha kinyonge wakati wote, msukumo huo unakuwa mdogo, mistari inasagika na kung'aa kabla ringi hazijakaa, na injini hiyo itakula oili umri wake wote. Ukiikamua siku ya kwanza, joto linapanda, sehemu ambazo hazijazoeana zinasuguana kupita kiasi, na unapata mikwaruzo ambayo hakuna oili itakayoifuta.

Kitabu cha Honda kinasema kwa kilometa 500 za mwanzo usiondoke kwa mafuta yote, usiongeze mwendo kwa pupa, usifunge breki kwa nguvu wala kushusha gia kwa ghafla, na sevisi ya kwanza ifanyike kilometa 1,000. Hakisemi utembee kama uko msibani. Ninachoongeza mimi, na ndicho ninachokiamini kuliko yote katika andiko hili, ni kwamba injini mpya inataka kubadilishiwa mwendo. Panda, shuka, vuta kidogo, achia mafuta ijishushe yenyewe, badili gia. Usiikalishe mwendo mmoja kwa muda mrefu, na usiiburuze kwenye gia kubwa mlimani huku inagonga. Kuiburuza hivyo ni mateso kuliko kuizungusha, ingawa masikio yanadhani ndiyo upole.

Kwa hiyo Dar ni mahali pazuri pa kuzoesha injini au mahali pabaya, kutegemea njia unayochagua na saa unayotoka. Foleni ya Mwenge au Tazara saa mbili asubuhi ni sumu kwa injini inayopozwa na upepo: inaunguruma, haina upepo, joto linapanda tu. Barabara ya Bagamoyo nayo, ukishapita Bunju, inanyooka na kukushawishi ukae kwenye themanini hadi Kerege. Mimi nilichagua vilima vya nyumbani. Jumapili alfajiri, daladala zikiwa bado chache, unatoka Goba kwenda Madale, unapanda na kushuka, unatokea Wazo, unateremka Tegeta, unarudi kwa njia nyingine. Kila kilima kinakulazimisha ushushe gia na kuvuta, kila mteremko unakulazimisha uachie. Ukirudi, injini imefanya mazoezi ya aina zote bila kuteswa hata mara moja. Halafu unaizima, unaiacha ipoe kabisa. Kule kupoa na kupata joto tena nako kunaisaidia kila kitu kikae mahali pake.

Oili niliimwaga mapema kuliko kitabu kinavyotaka, kwenye kilometa 500, kisha tena kwenye 1,000. Kwa oili ya lita moja tu, hiyo ni pesa ndogo ya kununulia usingizi. Fundi wangu yuko Tandale, mtu mzima, mkimya, anayefanya kazi chini ya mwembe. Aliweka beseni jeupe la plastiki chini, akafungua nati injini ikiwa na joto la wastani, oili ikashuka ikiwa nyeusi kiasi. Akachovya vidole viwili, akavisugua, akaniita nitoke kivulini. “Njoo uone juani, mama.” Kwenye jua, kati ya kidole gumba na cha shahada, ile oili ilikuwa inametameta. Ni unga wa chuma mwembamba usioweza kuuhisi kwa ngozi, unauona tu mwanga unapoupiga. Hizo ni ringi, gia na sahani za klachi zilizokuwa zinatengeneza njia zake. Injini hii haina filta ya karatasi kama ya gari, ina chujio la waya, na unga mwembamba kiasi hicho unapita hapo bila kizuizi. Usipoumwaga unaendelea kuzunguka. Oili ya pili, ile ya kilometa 1,000, ilitoka na mng'ao kidogo sana, na fundi akatikisa kichwa kukubali bila kusema kitu.

Na tafadhali, usiweke oili ya gari. Hapo Kariakoo utauziwa oili nzuri kabisa ya gari kwa maneno matamu. Pikipiki hii klachi yake inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, nayo klachi haiwezi kushika bila msuguano. Inaanza kuteleza, injini inalia na pikipiki haiendi. Kitabu kinataka 10W-30 yenye alama ya JASO MA, yaani oili isiyotelezesha klachi ya namna hii. Geuza kopo, soma nyuma. Kama hiyo alama haipo, rudisha.

Injini siyo peke yake inayozoea. Waya wa klachi unavutika, cheni inarefuka kidogo, spoki zinajikalisha na kulegea. Spoki ndizo watu wanazisahau. Chukua spana ndogo, zungusha gurudumu, gonga moja moja: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Kilometa za mwanzo zangu kwenye mashimo ya njia za ndani za Goba zililegeza kadhaa za gurudumu la nyuma, fundi akazikaza kwa zamu, kidogo kidogo, huku akitazama rimu isiyumbe. Tairi mpya nazo zina utelezi wa kiwandani juu yake. Mpaka ule mng'ao uishe pembeni, usilalie kona, na mvua ikikukuta lami ndiyo kwanza imelowa, punguza zaidi ya unavyodhani inatosha. Breki ya mbele mwanzoni ni ngumu kama haishiki. Baada ya kusimama taratibu mara nyingi inakuja yenyewe, na sasa kidole kimoja au viwili vinanitosha mjini.

Urefu wa siti ni milimita 825, na mimi si mrefu. Dukani walinishauri nikapunguze sponji kwa mafundi wa masofa. Nilikataa, kwa sababu siti yenyewe tayari ni ngumu. Nikajifunza kusimama kwa mguu mmoja. Unapokaribia kusimama unasogeza kiuno kidogo kushoto, mguu wa kushoto unashuka upande wa ukingo wa barabara, wa kulia unabaki kwenye breki ya nyuma. Nikiwa nimeizoea hivyo, uzito wake, karibu kilo 130 na mafuta ndani, haunisumbui hata kwenye mteremko wa pantoni pale Magogoni, ambapo chuma kimelowa na watu wanasukumana. Dada zangu wafupi wanaoniuliza, jibu langu ni hilo: inawezekana, ila jaribu ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea.

Utamu wake nimeupata Kigamboni. Ukivuka kwa pantoni au ukapita Daraja la Nyerere, lami inakufikisha mbali, halafu unaiacha na kuingia njia za mashamba kuelekea baharini, minazi na mikorosho pande zote, na chini mchanga. Mchanga wa Kimbiji mkavu hauna huruma na mtu anayeuogopa. Ukikaa chini, ukaangalia tairi la mbele na kupunguza mafuta, usukani unaanza kucheza kulia na kushoto na unalala. Hii pikipiki inakufundisha kufanya kinyume. Unasimama kwenye vikanyagio, magoti yanabana tenki, uzito unarudi nyuma kidogo, macho yanatazama mbali, mafuta hayapungui. Usukani bado unacheza, lakini unauacha ucheze, nayo pikipiki inajinyoosha. Rimu ile ya inchi 19 inapanda juu ya mchanga pale ambapo ndogo ingezama. Mara ya kwanza nilipopita kipande kirefu cha namna hiyo bila kushusha mguu, nilipiga kelele ndani ya helmeti, na jamaa waliokuwa wanapakia madafu kwenye baiskeli wakanipungia mkono.

Kisarawe ni habari nyingine. Kupanda Pugu ukiwa peke yako ni raha, gia ya nne inakaza, unaisikia injini inavuta bila kulalamika. Ukipakia mtu mzima, inakuwa gia ya tatu na subira. Ni cc 149, na hakuna miujiza. Ukitoka lami ukaingia udongo mwekundu wakati wa masika, tairi zilizokuja nayo zinafika kikomo: kashata zake, yale meno ya tairi, ni za katikati, zinataka kuridhisha lami na vumbi kwa pamoja, na tope likishajaa kwenye mifereji yake unabaki na kipara. Kuanzia Machi hadi Mei kazi zangu za Kisarawe nazifanya kwa tahadhari, na tairi hizi zikiisha nitafunga zenye kashata kubwa nyuma, nikubali kelele zake kwenye lami.

Yasiyonifurahisha nayasema wazi. Siti inachosha makalio baada ya saa moja na nusu. Taa ya mbele ni dhaifu, na njia za Kigamboni usiku zina ng'ombe na baiskeli zisizo na taa, kwa hiyo mimi napanga kuvuka kurudi mjini kabla ya magharibi. Honi ni ya kinyenyekevu mno kwa mji wenye daladala na malori ya mchanga. Niliibadilisha. Kwenye lami ndefu inakwenda vizuri mpaka themanini, tisini, zaidi ya hapo inatetema na upepo unakupiga kifuani maana hakuna kioo cha mbele. Mtu wa safari za Morogoro kila wiki atafute kitu chenye injini kubwa. Mafuta, nikichanganya mjini na vumbi, napata kama kilometa 38 kwa lita, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei mpya, hiyo namba inanipa faraja.

Spea zipo, lakini jihadhari. Gerezani na Kariakoo utapata cheni, brekishuu, nyaya, kila kitu, na nyingi ni feki zenye boksi zuri kuliko orijino. Brekishuu feki zinaisha haraka na zinakwaruza dramu, na dramu haibadiliki kwa bei ya brekishuu. Mimi nabeba ile ya zamani mkononi, naipima uzito, natazama ulehemu na maandishi. Habari njema ni kwamba injini hii ni rahisi. Fundi yeyote aliyewahi kufungua pikipiki inayopozwa na upepo, yenye karburetta, anaielewa, valvu zinarekebishwa kwa skrubu na nati injini ikiwa baridi, hakuna haja ya mtu mwenye kompyuta.

Jambo moja la watu wa pwani tu. Chumvi. Nikitoka Kimbiji siku ya upepo naimwagia maji baridi siku hiyohiyo, hasa spoki, cheni na chini ya injini, kwa ndoo na kitambaa. Mashine ya presha pale kwenye kuosha magari siipendi, inaingiza maji kwenye beringi za magurudumu na kufukuza grisi. Cheni ikikauka naipaka oili usiku, ili asubuhi iwe imenywa na isirushe matone kwenye rimu. Pikipiki ya jamaa yangu mmoja, ya umri kama wa hii, inayolala nje karibu na ufukwe bila huduma hiyo, spoki zake zimeshaanza kutoa kutu nyekundu kwenye maungio.

Nani ainunue? Mtu ambaye wiki yake ina lami na vumbi kwa pamoja: mpima, afisa ugani, mkunga wa zahanati za pembezoni, mwenye shamba Mkuranga anayelala Mbagala. Mtu wa Posta na Masaki peke yake hana haja ya kulipa pesa yote hii, Boxer au TVS itamtosha na chenji itabaki. Kama uko kundi la kwanza, nenda asubuhi ya siku ya kazi duka likiwa tulivu, omba kitabu chake kabla hujalipa, wasimamie wakirekebisha cheni na upepo kwa vipimo vilivyomo, hakikisha jina kwenye kadi limeandikwa sawasawa na bima imesoma kwenye mfumo, kisha uondoke nayo taratibu kwa njia yenye vilima.